Mapepo ya Kwetu

Mudogo wangu aliacha masomo kwa sababu ya neno moja. Hakuwa na homa, hakukosa yunifomu, hakuna aliyemufukuza. Ni neno tu. Na mutu aliyemuachisha hakuwa mulevi wa bandarini wala mwizi wa nyavu. Alikuwa mutumishi wa Mungu, aliyekuja kutusaidia kusoma. Ninaandika nikiwa bado na kasirani. Anayetaka hadithi ya kusamehe haraka haraka aende akasome ukuta wa kanisa, kule mistari ni mingi.

Kwanza nieleze nyumba yetu, maana bila hiyo neno lenyewe halitaeleweka. Mama ni Mukongomani, alivuka ziwa Mweru kutoka upande wa Pweto akiwa musichana. Anauza chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa kwenye muchanga mpaka Nchelenge nzima inanuka kama mufuko wa muvuvi. Baba ni mutu wa hapa Zambia, Kibemba ndiyo lugha yake. Kiswahili anakitumia sokoni tu, akibishana na wafanyabiashara wa ng'ambo, na hata hapo anashindwa. Sisi watoto tunachanganya. Kuhesabu ni Kiingereza, kutukana ni Kibemba, kuomba chakula ni Kiswahili, kwa sababu chakula kiko kwa mama. Kusali ni Kibemba, kwa sababu baba ni shemasi, na Mungu wake, nadhani, alizaliwa hapa hapa Nchelenge.

Sasa, kwa Kibemba maombi yanaitwa mapepo. Kwenda kanisani ni kwenda ku mapepo. Siku ya Mungu, Jumapili, watu wanakutana njiani, wanaulizana kama wanaenda ku mapepo, na hakuna anayeshtuka. Kwa Kiswahili kila mutu anajua mapepo ni nini. Mama alipoolewa, baba alimwambia siku ya kwanza kwamba katika nyumba yake kuna mapepo kila mangaribi, na yeye mwenyewe ndiye anayeyaongoza. Mama akaanza kufunga tena mizigo yake. Kwetu tunaipenda hadithi hiyo kuliko zote. Baba akiisimulia, mama anamupiga na kitambaa cha kichwa, na baba anaisimulia tena.

Mudogo wangu ana miaka kumi na moja, yuko darasa la sita. Ana kigugumizi. Akisoma kimya anamaliza ukurasa kabla mimi sijapata pa kuanzia. Akiitwa asome kwa sauti, neno la kwanza linakwama kama mutumbwi kwenye matete. Akiimba, hakuna kinachokwama. Madamu wa darasa lake anajua hayo yote, basi anamungoja, anaangalia dirishani kama mutu mwenye siku nzima, na neno linafika. Mimi ninamufanyia kila mutu muzaha, baba, hedi wa shule, hata marehemu. Lakini ulimi wa mudogo wangu sijaugusa, na mutoto wa mutu mwingine aliyejaribu kuugusa alirudi kwao na viatu vilivyojaa matumbo ya samaki.

Muhula uliopita wakaja watu wa kujitolea. Wakristo, kama sisi. Walivaa tisheti za njano kama kiini cha yai, mugongoni zimeandikwa TUSOME NA YESU. Walikuja na gitaa, ngoma, kipaza sauti na bonbon, yaani pipi. Vitabu, hapana. Nikawaza kwamba Yesu akifika kweli, jambo la kwanza atauliza ni wapi vitabu.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, sikatai. Shuleni kwetu kuna watoto wengi wa mama wa ng'ambo, wanaojua Kiswahili tu, na walimu wanafundisha kwa Kiingereza na Kibemba. Mutoto anakaa hapo kama mufuko wa unga. Wale wa njano walisema watawafundisha hao kusoma kwanza kwa Kiswahili, ili Kiingereza kifuate. Hedi akakubali. Wakamwambia madamu wa darasa, "Weye pumuzika, madamu, tutafanya kazi." Madamu akaenda zake chumba cha walimu, na darasa lake likabaki mikononi mwa watu waliokuwa hawajui jina la mutoto hata mumoja.

Kiongozi wao, mutumishi mwenyewe, alitoka Lubumbashi, hajamaliza hata wiki moja hapa. Kifaransa chake kilikuwa kama manukato, kinaingia mulangoni kabla yake. Kibemba alikuwa hajui hata cha kuombea maji. Wengine walikuwa vijana wa huku Zambia, na wao Kiswahili kiliwashinda. Kwa hiyo kundi zima lilikuwa linasaidiana kutoelewana. Kila kipindi waliimba, wakapiga makofi, wakaimba tena, halafu kengele ikilia walikumbuka kwamba walikuja kusoma, wakabandika ubaoni karatasi yao moja, hadithi ya mutu na sanduku lake.

Siku yenyewe mimi nilikuwa chini ya dirisha la darasa hilo, ninafyeka majani. Ilikuwa adhabu. Nilikuwa nimewaonyesha wenzangu jinsi hedi anavyopiga chafya mbele ya bendera, na hedi alikuwa nyuma yangu. Ndiyo sababu nilisikia kila kitu.

"Weye, mutoto muzuri, soma hapa," mutumishi alisema.

Mudogo wangu akasimama. "Sa... sa... sa..."

"Samaki," mutumishi akamumalizia.

Neno lilikuwa sanduku. Mutu wa kigugumizi ukimumalizia neno, ni kama kumunyang'anya tonge likiwa mudomoni. Na huyu alinyang'anya tonge la ugali akarudisha jiwe.

"Rudilia. Soma."

"Sa... sa..."

"Alors, juu ya nini haujue kusoma? Kwenu mangaribi munafanyaka nini?"

Mudogo wangu alifurahi, nilimuona. Swali la kwetu halisomwi ubaoni, linajibiwa tu. "Ma... ma... mapepo," akasema.

"Unasema nini?"

"Kwetu mangaribi kuko mapepo. Baba njo anatuitaka ku mapepo."

"Baba yako?"

"Ee. Kila siku."

"Na mama yako anaonaka?"

"Na mama anakuwaka pale. Tunapiga magoti bote."

Mimi dirishani nilicheka peke yangu, nikafikiri leo baba amepata hadithi ya pili. Sikucheka sana. Mutumishi alifunga Biblia yake, akawaita wale wa njano, na akasema kwa sauti ya chini ile inayosikika mbali kuliko kelele, "Sasa naelewa. Ni pepo ya ububu. Iko inafunga ulimi wa huyu mutoto."

Ngoma ikaanza. Wakamuzunguka. Mutumishi akamushika kichwa kwa mikono miwili, mwingine bega, mwingine mukono, na kichwa cha mudogo wangu kikawa kinaenda mbele na nyuma. Alikuwa anajaribu kusema kitu, na kila alivyokwama ndivyo wao walivyopandisha sauti, maana kukwama kwenyewe sasa kulikuwa ni pepo anayekataa kutoka.

Nikatupa fyekeo, nikaweka kichwa dirishani. "Papa mutumishi, anasema maombi. Mapepo ni maombi, kwa Kibemba."

Hakugeuka. "Na huyu wa dirishani mumuombee," akasema.

Nikakimbia kumuita madamu. Tuliporudi walikuwa wameshamaliza, wanapanguza jasho, wanamushukuru Mungu. Mudogo wangu alikuwa amekaa chini, utepe wa nywele umetoka, anashikilia kiatu kimoja. Wenzake walikuwa wanamuangalia kama kitu kilicholetwa na maji. Mutumishi alimwambia madamu kwamba ukombozi wa mutoto huyu utaenda pole pole, kwa sababu mizizi iko nyumbani.

Mizizi. Baba yangu, shemasi, anayekataza hata radio mangaribi.

Muchana ule ule mudogo wangu alishapata jina jipya. Watoto wa kwetu wanajua maana zote mbili za neno hilo, lakini mutoto akipata jina la kuchokozea mwenzake hatafuti kamusi. "Mapepo, lete mupira. Mapepo, tuangalie kama una mukia." Kesho yake habari ilifika kwenye muchanga wa kuanika chisense, na wamama wa ng'ambo, ambao kila siku walikuwa wanamuamkia mama kabla hawajafika, walipita kikapu chake wakiangalia ziwa.

"Sirudi," mudogo wangu alisema. Neno hilo moja lilitoka bila kukwama. Nililiogopa kwa sababu hiyo.

Baba alicheka alipoelezwa. Halafu akamuangalia mutoto wake, akaacha.

"Ni mutumishi wa Mungu," akasema. "Alikosea lugha tu."

"Alikosea lugha na mikono pia?" mama akauliza.

"Nitaongea naye. Pole pole. Nisimuaibishe."

"Nani anaogopa aibu hapa, ba tata? Mwana wako iko chumba cha nyuma, ameweka sanduku la nguo mulangoni asiingie mutu."

Kweli alikuwa amesukuma sanduku la nguo mulangoni. Sanduku, tena. Siku nyingine ningefanya muzaha hapo.

Baba alitaka kungoja mpaka baada ya ibada. Mimi sikuwa na subira ya shemasi. Siku ya posho, Jumamosi, nikaenda kanisa walikofikia wale wa njano, kando ya njia ya Kashikishi. Ndilo kanisa letu, la zamani, na juu ya mulango lina kibao ambacho nimekipita tangu nikiwa mugongoni kwa mama. Mutumishi alikuwa kwenye kizingiti, anakunywa chai. Karibu naye kulikuwa na musichana mumoja wa kundi lao, mwanafunzi wa ualimu kutoka Mansa, anaosha masahani.

"Jambo, papa mutumishi," nikasema. "Munalala muzuri hapa?"

"Muzuri, mwanangu. Mungu ni mwema."

"Hamusikiake kitu usiku? Mutu anatembea? Mutu anagonga?"

"Kitu gani?"

Nikaonyesha juu na kidole. "Kibao kinasema hapa ni nyumba ya mapepo."

Kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa za buluu, ING'ANDA YA MAPEPO, na chini yake saa za ibada. Mutumishi aliinua kichwa, akasoma, akasoma tena. Yule musichana wa Mansa aliuliza kwa Kibemba ninasema nini, nikamueleza, neno kwa neno, lile swali na lile jibu. Sahani ikateleza ndani ya beseni. Siku ile alikuwa ameona watu wanashika, naye akashika mukono wa mutoto. Hakuna aliyemwambia kwa nini.

Mutumishi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Ah, bon. Kumbe. Ah, lugha za huku. Kesho nitatoa ushuhuda wa hii, batu watafurahi."

"Na mudogo yangu?"

"Umwambie asiogope. Haiko na pepo."

Alisema hivyo kama mutu anayerudisha ndoo aliyoazima, bila kuangalia kama imetoboka.

Na kweli, siku ya Mungu alisimama mbele akautoa ule ushuhuda. Alijua kusimulia, lazima niseme. Aliigiza mutoto mwenye kigugumizi, "Ma... ma... mapepo," akaigiza macho yake mwenyewe yalivyotoka, na kanisa zima likacheka, wazee wakashikana mabega. Hata baba alianza kucheka, kwa sababu ilikuwa karibu sana na hadithi yake, halafu mama akamuangalia. Mudogo wangu alikuwa kwenye benchi katikati yetu, anaangalia vidole vya miguu.

Muzaha ni kazi yangu, basi ninaweza kusema. Ukitaka kuchekesha watu, chagua aliye juu yako, kama hedi na chafya yake, ukakubali kufyeka majani. Yule alichagua mutoto aliyekuwa ameshamuangusha, akapanda juu yake ili watu wamuone vizuri. Na aliomba sadaka baadaye.

Siku iliyofuata yule musichana wa Mansa alikuja kwetu. Hakuvaa njano. Alipiga magoti kumuamkia mama, kama wasichana wa huku wanavyofanya, akabaki chini. Mimi ndiye nilitafsiri, na nilitafsiri vibaya kwa makusudi mpaka mama akanipiga begani.

"Anasema nini huyu kweli?"

"Anasema alimushika mukono mwana wako bila kujua sababu, na hakukuomba weye ruhusa, wala yeye. Anasema samahani."

"Mwambie ainuke. Muchanga ni moto."

Aliinuka. Akaniuliza mimi, "Mulikuwa munataka tufanye nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza mumoja wao kuuliza, na kasirani yote ikanitoka kwa pamoja. Nikamwambia musimalizie watu maneno. Leteni vitabu vile vile madamu anavyotumia, hata viwili. Madamu akae darasani mwake, ninyi mukae kando ya watoto, si mbele yao. Mambo ya nyumbani kwa mutoto si ya kuulizwa mbele ya darasa. Mukitaka kuomba, ombeni njiani mukija, Mungu atawasikia hata bila kipaza sauti, na kama ni kumuombea mutoto, mwenye mutoto yuko hapa anauza chisense, mumuulize. Na bonbon, muongeze. Hilo la mwisho lilinitoroka.

Mudogo wangu alikuwa ametoka chumba cha nyuma bila sisi kumuona. Akanivuta shati, akaniita kama mudogo anavyomuita mukubwa wake. "Yaya, wa... wacha."

Akamuangalia musichana. Musichana akangoja. Hakutikisa kichwa kumuhimiza, hakufungua mudomo kama mama anayelisha mutoto. Alingoja tu, kama madamu.

"Nitarudi," mudogo wangu akasema, "kama mu... mutumishi aseme samahani palepale alinishika. Mbele ya bale bale. Na asicheke."

Nikatafsiri hiyo sawa sawa, bila kuongeza chumvi.

Musichana aliipeleka kwa hedi. Najua yaliyosemwa kule kwa sababu nilikuwa chini ya dirisha la ofisi na fyekeo, kwa ajili ya jambo lingine kabisa, linalohusu mbuzi na chumba cha walimu. Mutumishi alisema kwamba ameshaeleza kanisani, na mutumishi hawezi kujishusha mbele ya watoto, watapoteza heshima.

"Kanisani hukumushika," hedi akasema kwa Kiingereza chake cha pole pole. "Ulimushika darasani kwangu. Hapa ni shule. Kama huwezi kumwambia mutoto samahani, sijui utamufundisha nini."

Niliacha kufyeka. Tangu siku hiyo sijaigiza chafya yake. Karibu sijaigiza.

Alhamisi mudogo wangu alivaa yunifomu. Mama alimusindikiza mpaka mulango wa darasa, kikapu cha chisense kiko kichwani, na alikataa kukitua. Mimi nilikuwa nyuma yao, nilipaswa kuwa kwenye hesabu. Wale wa njano walisimama kando ya ukuta, bila ngoma. Madamu alikuwa kwenye kiti chake.

Mutumishi alianza na lugha, jinsi ilivyo ngumu, jinsi Babeli ilivyotuletea shida. Mashavu yakaanza kupanda, kicheko kilikuwa njiani. Akaona mama mulangoni. Kikarudi.

"Nilisikia vibaya," akasema. "Mutoto alisema maombi, miye nikasikia mapepo. Hana pepo. Kwao hakuna pepo. Kosa ni yangu."

Akataka kukaa. Mudogo wangu alikuwa bado amesimama.

"Na mi... mi..."

Mutumishi akafungua mudomo. Nilimuona, neno lilikuwa tayari kwenye meno yake, sijui lipi, labda milele, labda miujiza. Yule wa Mansa akamugusa kiwiko. Akafunga mudomo. Darasa zima likangoja. Mama akabadilisha muguu. Nje mbuzi alilia, na naapa sikuhusika.

"Na mikono," mudogo wangu akasema.

Mutumishi akaangalia mikono yake. "Na mikono," akasema. "Samahani."

Sijui kama ilitoka moyoni. Mimi bado ninamukasirikia, na watoto bado wanamuita mudogo wangu Mapepo, ingawa siku hizi yeye anawajibu kwa Kibemba, "Amen," na wanakosa la kuongeza. Wamama wa ng'ambo wamerudi kwenye muchanga wetu, wanacheka kwa sauti kubwa kuliko zamani.

Mama aliondoka na kikapu chake. Musichana wa Mansa akavuta benchi akakaa kando ya mudogo wangu, karatasi kati yao, wakaanza kusoma pamoja, sauti mbili kwa wakati mumoja. Musichana hakujua Kiswahili, alikuwa anasoma herufi tu, vibaya sana, na kila mustari mudogo wangu alimusahihisha. Wakisoma pamoja, ulimi wake haukukwama sana. Pale ulipokwama, yule mwingine naye alinyamaza.

Madamu wa hesabu alinikuta nimehamia dirishani, akanipa fyekeo bila kusema kitu. Nikashuka kwenye majani. Juu yangu walikuwa wamefika kwenye lile neno.

"Sanduko," musichana akasema.

"Sa... sanduku," akasema mudogo wangu. "Si sanduko. Rudilia. Soma."